Barabara Iliyong'olewa Vibao

Orville Tharp hakuwa na nywele, hakuwa na mtoto, wala gari lililowaka bila kusukumwa. Alikuwa na mke na mgahawa tu, kando ya barabara kuu fupi kama mkia wa mbuzi. Wakubwa wa jimbo walipoifuta barabara hiyo kwenye orodha yao na kung'oa vibao vyake, wateja wakawa hawajui pa kukatia kona, na mgahawa ukaanza kufa.

Siku moja akaingia mkaguzi wa barabara, jasho likimtiririka. "Mzee, nimetumwa kuhakikisha vibao vimeng'olewa. Barabara yenyewe siioni!"

"Umeegesha gari juu yake, bwana mkubwa," mkewe Orville akacheka. "Kaa ule pai kwanza."

Mgeni akitafuna, Orville akawaandikia wakubwa: "Hata mtu wenu amepotea. Rudisheni vibao." Akaifunga bahasha kwa mate, akamkabidhi mkaguzi huyohuyo aipeleke.