Kiganja cha Kura

Wafaa alivimba kwa hasira. Programu ya miadi ya kliniki ilikuwa ianze kesho, na mkuu wake, Zahran, aliijaribu kwa jamaa zake wa mjini tu, kila mtu na simu yake.

“Umeonja biriani kwa kulamba vitunguu vya juu,” alimwambia.

Akatia bakulini namba za usajili za wagonjwa wote, kila moja katika kikaratasi chake, akazichanganya kama kura ya upatu, akachota kiganja, akazijaribu hizo kwenye programu. Wajawazito wa kisiwa cha Tumbatu wanaochangia simu moja walifutana miadi: kila aliyeandikwa alimfuta mwenziwe.

“Wachache hao,” alisema Zahran.

“Basi chota mwenyewe, bwana mkubwa. Lakini fumba macho, maana macho yako yanapenda jamaa.”

Zahran alichota. Wakatoka tena wenye kuchangia simu, na miadi yao ikafutana vilevile.

Uzinduzi ukaahirishwa.