Mtutu Uliolala Kushoto

Umewahi kuambiwa na mtoto uliyemzaa mwenyewe kwamba macho yako yamekwisha, nawe ukamsadiki? Ardith Skaggs alisadiki. Alisadiki tangu mialoni ilipopukutisha majani hadi theluji ilipoyeyuka kwenye mitaro, na asubuhi ile alikuwa sebuleni kwa jirani yake Velma, brashi ya gundi mkononi, akiikataa kazi aliyoifanya tangu usichana wake.

"Siwezi, Velma. Nitakuharibia ukuta."

"Ukuta gani wa kuharibu? Mgodi ulishauharibu zamani. Bandika bwana, chai inapoa."

Kweli, katika bonde lile hakuna ukuta uliosimama sawa. Chini ya nyumba zote kumechimbwa makaa ya mawe hadi ardhi imebaki ganda, na kila msimu nyumba huinama kidogo zaidi. Ndiyo maana watu walimwita Ardith kubandika karatasi zao za maua ukutani. Alijua kuisimamisha karatasi wima hata kama ukuta wenyewe umelala.

Akapaka gundi. Akaipandisha karatasi ya kwanza, akaisawazisha kwa jicho tu, akaipapasa kwa kiganja kutoka juu hadi chini. Kisha akatoa timazi yake, kile kipande cha madini ya risasi kinachoning'inia kwenye uzi wenye chaki ya buluu, akaitundika kando ya karatasi na kungoja itulie.

Uzi na karatasi vilikwenda pamoja hadi sakafuni kama mapacha. Jicho lake halikukosea hata unywele.

"Mbona umenyamaza?" Velma aliuliza.

"Nakuja kumalizia kesho," Ardith alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hadithi yenyewe ilianza na mbweha. Walimla mbuzi wake wa maziwa, yule mweupe aliyekuwa akimlamba viganja, wakarudi kukitaka kitoto cha mbuzi huyo. Ardith akaenda dukani kwa Garland, mwanawe, anayeuza bunduki, chambo za samaki na leseni za kuwinda. Garland akamuuzia bunduki iliyotoka ng'ambo, moja ya zile zilizofika ndani ya makasha, zinazojipakia risasi zenyewe. Wakaijaribu nyuma ya duka, kwenye kopo lililopigiliwa kwenye nguzo ya ua. Kopo likatoboka kila mara.

Lakini nyumbani, kutoka barazani hadi ua wa mwisho wa malisho, risasi zilipita pembeni. Mbweha aligeuka, akamtazama, akaenda zake na kitoto cha mbuzi mdomoni.

"Ni macho, Mama," Garland alisema. "Umri huo." Kisha akauondoa ufunguo wa pikapu ya mama yake kwenye msumari mlangoni. "Usije ukaua mtu barabarani."

Tangu siku hiyo kanisani alikwenda kwa kubebwa, kama kapu. Kazi aliziacha. Na kila alipoingia dukani, wazee wa pale kwenye jiko la makaa, Delmer na Hobert, walimpungia mikono yote miwili. "Bi Ardith! Huku! Tuko huku!" Naye alicheka pamoja nao. Hilo la kucheka pamoja nao ndilo lililomchoma sasa, alipokuwa akitoka kwa Velma karibu akikimbia.

Alipofika kwake, aliilaza bunduki juu ya meza ya jikoni, akaibana kati ya magunia mawili ya unga wa mahindi. Akaweka pimamaji, kile kipimo chenye kipovu cha hewa, mgongoni mwa bunduki na kuisogeza hadi kipovu kikae katikati. Akatundika timazi kwenye ndoano ya taa, akachutama mbele ya mdomo wa mtutu, jicho moja limefumbwa.

Kile kidole cha chuma kinachosimama mwishoni mwa mtutu, cha kulengea, hakikusimama. Kililala kushoto kwa uzi kama nguzo ya ua iliyopigwa na ng'ombe. Mtutu wenyewe ulikuwa umefungwa umepinda huko ulikotengenezwa, ukavuka bahari hivyo hivyo.

Ardith aliifunga bunduki katika blanketi, akaitia begani, akashika njia ya dukani kwa miguu.

"Bi Ardith!" Hobert alianza, mikono juu. "Huku! Tuko—"

"Nakuona, Hobert. Nakuona na zipu hujafunga."

Hobert alijiangalia upesi. Ardith akaifunua bunduki juu ya kaunta, mbele ya mwanawe. Delmer, kikombe cha kahawa mdomoni, akachungulia na kupiga mluzi.

"Lo! Garland, kumbe yule Mlevi ulimuuzia mama yako?"

Hobert alimpiga teke chini ya kiti, lakini neno lilikwisha toka.

"Mlevi ni nani?" Ardith aliuliza.

Makaa yalipasuka ndani ya jiko.

"Delmer, nimekuuliza."

"Ni utani tu, Bi Ardith. Mle kashani kulikuwa na moja imepinda kuliko wenzake. Ukiitazama kwa mbele, utadhani imetoka baa. Tukaiita hivyo. Sikujua kwamba ndiyo hiyo uliyouziwa."

"Uongo. Mlijua nyote, mkanipungia mikono kama kipofu."

Delmer akainamia kikombe chake.

"Mama, zote huinama kidogo," Garland alisema, masikio yakimwiva. "Nilisogeza pale pa kulengea, nikairekebisha. Kopo si ulilipiga?"

"Kopo liko hapo nyuma, naweza kulitemea mate! Mbweha anakuja kunywa kahawa uani kwako? Ukiisawazisha kwa karibu, kwa mbali inakwenda kombo. Unauza bunduki, hulijui hilo?"

"Najua."

"Ulijua siku ile uliponichukulia ufunguo?"

Garland alitazama bunduki, akatazama mikono yake. "Mwagizaji hapokei zilizoharibika, Mama. Hakuna aliyeitaka."

"Nimekuuliza swali lingine."

"Nilijua."

Ardith aliigonga kaunta kwa kiganja, viboksi vya ndoana vikaruka. "Nimeacha kazi yangu, Garland! Nilikuwa naamka asubuhi naupima mkono wangu mbele ya uso, nione kama bado upo!"

Garland akavuta droo, akamwekea ufunguo mbele yake. Ardith akautia mfukoni. Garland akageukia ukutani, akashusha bunduki iliyo nzuri kuliko zote, akailaza kando ya ile mbovu.

"Chukua hii. Siitaki pesa."

Mama yake hakuigusa.

"Au nikupeleke mjini ukaichague mwenyewe. Au niwaombe hawa wakutake radhi, kanisani, mbele ya watu." Akaisukuma ile nzuri karibu naye. "Basi unataka nini, Mama? Sema."

Ardith alilikunja blanketi pembe kwa pembe. Hobert akavua kofia yake.

"Nilitaka uje kwangu," alisema, "uketi pale mezani, useme, Mama, nimekwama na bunduki mbovu na hakuna anayeitaka. Ningeinunua hivyo hivyo."