Mkate Uliolazwa Makusudi

"Nimekuokolea mkate wako," alisema Sylveri, huku akijifuta mikono kwenye aproni ya shemeji yake.

Hakizimana alisimama mlangoni mwa jikoni, soksi mguu mmoja. Ilikuwa saa moja asubuhi, Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani. Juu ya meza ilikuwepo mikate yake minne, ile aliyoioka mwenyewe Jumatatu, akaikata slesi na kuianika siku mbili nzima juu ya friji. Sasa ilikuwa imefunikwa kitambaa chenye unyevu. Alifunua, akabonyeza slesi moja. Ikabonyea, ikainuka tena, laini kama shavu la mtoto.

"Kaka," alisema taratibu, "umefanya nini?"

"Nimefanya ulichosahau. Nimeinyunyizia maji, nikaipitisha kwenye mvuke wa sufuria, slesi moja moja, tangu saa kumi na moja. Ilikuwa imekauka hiyo! Nikajiuliza, huyu ni Hakizimana ninayemjua mimi? Binti analeta mchumba leo, halafu mkate umelala siku mbili, uko wazi, hata gazeti hukufunika? Nikasema hapana. Aibu hiyo haitaonekana mimi nikiwa mzima."

Hakizimana alivuta kiti, akakaa. Alitaka kucheka, alitaka kupiga kelele, na kwa kuwa aliyekuwa mbele yake ni kaka yake mkubwa, hakufanya hata kimoja.

Na tumtendee haki Sylveri. Alikuwa ameendesha gari kutoka Buffalo mchana kutwa, miaka sitini na minne mgongoni, na bado aliamka alfajiri kumsitiri mdogo wake. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, ndugu hawa wawili walikuwa na tanuri la udongo kwa miaka kumi na mmoja. Walikuwa masikini kama wenzao wote, lakini jambo moja lilijulikana kambi nzima: mkate wa ndugu hawa haulali. Jua likizama, uliobaki unamegwa, watoto wanagawiwa, kapu linakung'utwa. Mtu aliyetaka kuwatukana angewaambia mkate wao ni wa jana, na mmoja aliwahi kusema hivyo, akala makofi ya Sylveri mbele ya foleni nzima ya maji.

Kwa hiyo Jumapili, Angelika alipompigia baba yake simu kutoka Columbus na kumtajia vitu vya kutengenezea stafingi, ule mchanganyiko wa mkate na viungo unaoliwa na bata mzinga siku hiyo, Hakizimana aliandika yote isipokuwa neno moja. Aliandika vitunguu, seleri, siagi, majani ya seji, supu ya shingo ya bata mzinga. Binti aliposema, "Na mkate uliolala, Baba, siku mbili angalau," alidhani mtoto amechanganya mambo. Miaka kumi na sita Marekani, mtoto atakumbuka nini kuhusu mkate? Akaoka mkate siku hiyo hiyo, akaukata ungali wa moto, akamwagia supu. Kostansia, mkewe, aliuonja kwa kijiko.

"Huu ni uji," alisema. "Mtamu, tena mtamu kweli. Lakini uji."

Ndipo Jumatatu, baada ya zamu yake kwenye ghala la vifurushi, Hakizimana alioka tena, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaulaza mkate makusudi. Siku mbili hizo alipita jikoni akitazama upande mwingine.

"Stafingi?" Sylveri alikuwa ameelezwa yote sasa, na uso ulimshuka. "Kwa hiyo ulitaka ukauke."

"Nilitaka ukauke."

"Na mimi nimeufufua."

"Umeufufua vizuri sana, kaka."

"Uurudishe kwenye oveni, basi! Moto mdogo, saa moja tu..."

"Atakayegusa huo mlango atanitambua." Hiyo ilikuwa sauti ya Kostansia, kutoka kwenye sinki. Bata mzinga wake wa kilo nane alikuwa ndani tangu saa kumi, alipomtia na kurudi kulala kabla Sylveri hajaamka, na oveni ilikuwa hiyo moja. Maduka ya mtaani kwao, South End, waliyoyajua yalikuwa yamefungwa. Angelika angefika saa saba.

Hakizimana aliinamisha kichwa juu ya mkate. Sylveri alimtazama, akashangaa, maana mdogo wake hakuwa mtu wa kununa kwa ajili ya chakula.

"Haki, si tutakula hata bila hiyo stafingi? Kuna wali. Kuna maharage. Kuna huyo ndege, mkubwa kama mbuzi."

"Miaka mitatu hajala hapa siku hii," alisema Hakizimana. "Miaka mitatu, kaka. Mwanzo alisema zamu, kule anakotunza wazee. Halafu akaniambia ukweli. Anakula kwa mwenzake wa kazini, Clintonville, huko huko Columbus. Akasema, Baba, kwenu siku hiyo ni kama Jumanne tu. Na mama wa huyo mwenzake, akipika stafingi, humwekea Angelika pembe ya trei, ile iliyoungua kidogo. Kila mwaka anamwekea." "Mzazi mwingine anamwekea mwanangu pembe. Nimeumia, sitakuficha. Nikamwambia, mwaka huu njoo, nitapika mimi, stafingi yenyewe. Akacheka, akasema, tutaona."

Kostansia alifunga bomba la maji.

Sylveri alivua aproni. Alitazama nje ya dirisha, pale gari lake lilipoegeshwa, kubwa, chumvi ya barabara za Buffalo bado imelikaukia ubavuni. Akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo, na Hakizimana, aliyeujua mdomo huo tangu utoto, akaingiwa na hofu.

"Unajua hita ya lile gari?" alisema Sylveri.

"Hapana, kaka."

"Kwetu Buffalo theluji inafika hapa." Alijipima kifuani. "Gari lisilo na hita halifai hata kufugia kuku. Ile nikiifungulia yote, mke wangu Generoza anashuka, anasema heri atembee. Lete trei."

Wakakata. Visu viwili, ubao mmoja, bega kwa bega, na mikono ikakumbuka mwendo wake: mmoja anakata, mwingine anapanga, hakuna anayemngoja mwenzake. Slesi laini zikawa vipande vidogo, vikatandazwa kwenye trei tano, kisha kwenye sinia la harusi la Kostansia, ambalo alilitoa mwenyewe bila kuombwa. Kiti cha nyuma kikajaa. Buti ikajaa. Sylveri akawasha injini, akafungua vioo kiasi cha kupitisha kidole ili mvuke upate njia, kisha akazungusha hita hadi mwisho wake.

"Na sisi?" aliuliza Hakizimana.

"Mwokaji huwa anaondoka kwenye tanuri?"

Hawakuondoka. Walikaa viti vya mbele, mashati yamefunguliwa vifungo, jasho likiwatiririka, na nje baridi ya Novemba ikiwapuliza wapita njia. Kila baada ya muda mmoja aligeuka nyuma, akapekua vipande kwa kiganja, akachukua kimoja na kukibonyeza karibu na sikio. Ndivyo walivyopima mkate siku zote, kwa kuusikiliza. Wenye maji hauna neno. Uliokauka vizuri hulia kidogo, krr, unapoubana. Jirani wa ng'ambo, aliyekuwa akikusanya majani makavu, aliegemea reki yake na kuwakodolea macho. Sylveri alimpungia mkono kwa heshima zote.

"Maisha yangu yote nimesimama mdomoni mwa tanuri," alisema, akijipangusa shingo. "Sikujua iko siku nitaingia ndani."

Hakizimana alicheka hadi akakohoa. Hakuwa amecheka hivyo muda mrefu, na kaka yake, alipomwona, naye akacheka, na gari zima likatikisika na trei zake.

"Haki," alisema Sylveri walipotulia, "na akija akaonja, akasema ya Clintonville ni bora?"

"Nitaoka tena mwakani."

"Na asipokuja mwakani?"

Hakizimana aligeuka nyuma. Alichukua kipande, akakibonyeza sikioni. Kilinyamaza.

Saa sita na nusu walikuwa bado wakipekua. Dirishani jikoni, Kostansia aliinua sufuria kuwaonyesha: vitunguu na seleri vimeshaiva kwenye siagi, seji imeshatiwa, supu inangoja. Alionyesha saa ya ukutani. Sylveri alimjibu kwa kukunja vidole: subiri.

Hapo gari dogo jekundu likaingia uani na kusimama nyuma yao.

"Yesu wangu," alisema Hakizimana. "Amewahi."

Alimwona Angelika kwenye kioo cha kutazamia nyuma: koti refu, nywele amesuka upya, kijana mrefu kando yake amebeba chungu cha sombe, kisamvu cha kwao, kwa mikono miwili. Binti alitembea hadi kwenye gari, akainama, akachungulia. Alimwona baba yake kifua wazi. Alimwona baba yake mkubwa akiwa na taulo kichwani. Akagonga kioo.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Baba Mkubwa. Mmefukuzwa ndani?"

"Marahaba, mama," walijibu kwa pamoja.

"Bonjour ba papa," alisema kijana kwa Kifaransa chake; huyu ndiye Salomon, yule mchumba, Mkongomani wa Hilliard, pembeni mwa Columbus. Alitazama trei, akatazama injini inayonguruma, akatafuta neno la adabu. "Bon... donc, munapikia mukate mu motokari?"

"Tunaukausha," alisema Hakizimana. Aibu ilimpanda hadi masikioni. "Ulikuwa umekauka, mwanangu, nakuapia. Ulilala siku mbili, kama ulivyosema. Halafu..."

"Halafu mimi nikauamsha," alisema Sylveri. "Nigombeze mimi."

Angelika hakugombeza. Alifungua mlango wa nyuma, na joto lote lile likampiga usoni pamoja na harufu yake, harufu ya mkate unaoacha maji polepole, na mkono wake ukabaki palepale kwenye mlango. Alikuwa na miaka minane walipoiacha Kasulu. Jioni za mvua alilala ameegemea ukuta wa tanuri, kwa sababu ndipo mahali pekee palipokuwa pakavu.

"Inanukia kama kambini," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Kisha alimgeukia Salomon. "Mpelekee mama hicho chungu. Mwambie nakuja." Akainua sinia la harusi, akaketi pale lilipokuwa, akalipakata magotini, juu ya koti lake zuri.

"Baba, pembe ya trei?"

"Ina mwenyewe," alisema Hakizimana, bila kugeuka, maana machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Kwenye kioo kile alimwona akichagua kipande kimoja katikati ya sinia, akakipeleka sikioni, akafumba macho, akakibana. Hakuna aliyekuwa amemkumbusha. Wazee wawili walizuia pumzi.

"Bado," alisema Angelika. "Dakika kumi."

"Basi funga mlango," alisema Sylveri. "Joto linatoka."

Akanyoosha mkono, akaufunga, yeye akiwa ndani.