Kivuko Hakimsubiri Mama Chapchap

Tangu aingie nyumbani kwa bintiye kisiwani, Mama Chapchap hakukaa. Fundi cherehani huyu alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa, akafuta meza safi, akachungulia dirishani kila honi ilipolia. Kivuko cha mwisho kwenda mjini kilikuwa kinapakia, naye alikuja kwa jambo moja tu: kumchukua binti, mimba ikiwa ya mwezi wa tisa na mume yuko safarini kikazi, akajifungulie karibu na hospitali kubwa.

"Mama, keti basi. Unanitia kizunguzungu."

"Nikiketi mimi, utalala wewe. Nakujua. Vaa viatu."

"Haviingii, miguu imevimba. Halafu mkunga anakaa nyumba ya tatu tu, mama. Kanipima jana, kasema mambo sawa."

"Na yasipokuwa sawa? Utapiga mbizi mpaka mjini?"

Binti akainama kujaribu kiatu. Mama akahesabu hilo kuwa ndiyo. Akanyakua begi la nguo za mtoto, huyoo, akateremka vichochoro vya saruji visivyopita gari. Nyuma yake malapa yalipiga pa, pa, pa. Hakugeuka.

"Fanya haraka, nakuwahia kiti!" alipaza sauti.

Ndani ya kivuko aliweka begi kwenye kiti cha pembeni, akamkaripia kila aliyekitazama. "Kina mwenyewe! Mjamzito anakuja!"

Mwenye malapa akaingia: mwanamke mwingine kabisa, na trei ya mayai. Lango likafungwa. Kamba zikaachiwa. Simu ikaita.

"Mama, uko wapi?"

"Mimi niko wapi? Wewe uko wapi!"

"Kitandani. Nilikuwa nahangaika na kiatu, kuinua kichwa haupo."

"Umefanya makusudi!"

"Sikufanya. Ila sitaki kuja, mama. Nataka kuzalia kwangu. Nilishindwa tu kukwambia." Sauti ikapungua. "Kinachoniogopesha ni kuwa peke yangu."

Mama Chapchap akasimama, akaketi, akasimama tena. Ni kweli uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini safari hii mwenye kuzaa si yeye.

Mjini abiria wengine wote wakashuka. Baharia akamkuta kaganda na begi kifuani.

"Mama, tumefika. Mwisho wa safari."

"Hiki kivuko kinalala wapi?"

"Kisiwani, ndiko kwetu. Lakini hatubebi tena abiria."

"Mimi si abiria. Mimi ni bibi yake mtoto."

Baharia akamtazama usoni, akaona hapa hapana mjadala. "Haya bibi, shikilia chuma hicho. Upepo umeanza."

Kivuko kilipogeuza pua, akapiga simu.

"Usifunge mlango, nakuja kukaa mpaka uzae. Na kesho asubuhi nataka kumwona huyo mkunga."

"Utampenda, mama. Ni mtu mzuri sana."

"Sikuuliza uzuri wake. Ana boti ya injini?"