Viatu vya Mshika Bendera

Kwenye chumba cha kushonea cha hospitali walimwita Stesheni, na hata msimamizi wake, aliyewahi kulijua jina lake kamili, alikuwa ameshalisahau. Kazi yake ilikuwa kutia viraka mashuka, kurudishia kamba magauni ya wagonjwa na kupinda foronya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ila ukitaka kumwona anawaka, utaje "Mwisho wa Reli".

Huo ulikuwa mchezo wa redio uliokatwa ghafla miaka tisa nyuma. Mkuu wa stesheni, mwanamke mjane aliyeongoza kituo ambako treni ilifika Alhamisi tu, aliachwa amesimama na taa mkononi, akimsubiri nani hatukuambiwa. Wiki iliyofuata, saa ile ile, wakaweka kipindi cha afya ya meno. Wenzake walinuna siku mbili wakasahau. Yeye alinunua daftari.

Tangu hapo alikuwa amejaza madaftari kumi na moja. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila moja aliandika: "Watu hawa si wangu. Nimewaazima, nitawatunza." Kisha akaendelea pale redio ilipoishia. Sura zilipokamilika alizichapa kwenye simu na kuzituma kwenye kundi la wapenzi wa mchezo ule, watu mia tatu na ushee, ambao asipotuma Jumatatu walimuuliza kama anaumwa.

Na mapenzi hayo yalizaa mengine. Alikusanya tiketi za treni za zamani. Alichora ramani ya kituo chake, mpaka choo cha abiria na njia ya mkato ya mbuzi. Alikuwa na ratiba ya treni isiyokuwepo. Kwa kuwa mkuu wa stesheni katika hadithi zake alitengeneza saa, na yeye alitengeneza saa za mezani, ufundi aliorithi kwa marehemu baba yake; hakutaka kuandika skrubu ambayo hajaifungua kwa mkono wake. Treni yenyewe hakuwahi kuipanda hata siku moja.

Daftari la kumi na moja hakulituma kwa mtu. Ndani yake mshika bendera, mzee wa kituo, anafariki. Asubuhi ya mwisho anaomba viatu vyake vipigwe rangi, avalishwe, afungwe kamba vizuri, kwa sababu hawezi kukutana na treni akiwa pekupeku. Mambo hayo Stesheni hakuyabuni. Ndivyo alivyofariki baba yake, mkono ukiwa begani kwa Stesheni, binti yake mkubwa, aliyekuwa amepiga magoti akifunga kamba. Mdogo wake alikuwa chuoni, mji mwingine, akafika wakati wa mazishi. Aliambiwa baba ameondoka kwa amani. Habari ya viatu Stesheni alishindwa kumsimulia. Akaiandika.

Mwaka jana mdogo wake huyo, akiwa mjamzito, aliamriwa na daktari alale tu kitandani. Stesheni akampelekea madaftari yote kumi na moja yamfariji. Alirudishiwa baada ya mwezi. "Nilifika la nne, dada," mdogo wake alisema akicheka, "halafu nikajifungua."

Sasa basi, redio ikatangaza kwamba "Mwisho wa Reli" unarudi, kila Jumanne saa nane mchana. Mwandishi mpya redio haikumtaja, lakini mdogo wake alimpigia simu kumwambia ni nani. Mume wa mdogo wake, shemeji yake mwenyewe, fundi mitambo wa redio hiyo hiyo, ambaye alimjua kama mtu wa nyaya na vipaza sauti. Stesheni alishangaa, akafurahi hata hivyo. Jumanne ya kwanza chumba kizima kilizima cherehani. Msimamizi mwenyewe alivuta kigoda.

Dakika ya tatu, mkuu wa stesheni akasema: "Treni haijachelewa. Sisi ndio tuliowahi kwenye huzuni."

Mkasi ukamponyoka Stesheni. Sentensi hiyo ilikuwa yake, ya daftari la pili. Ikafuata saa iliyosogezwa mbele dakika saba. Yake. Mbuzi na njia yao ya mkato. Wake. Simu ikaanza kutetemeka mezani kama kuku aliyechinjwa: "Hongera mwandishi wetu!" "Kumbe wamekuchukua redioni, mbona hukutuambia?"

Alimeza. Alijiambia, watu hawa si wangu, labda hata maneno hayakuwa yangu. Alijiambia hivyo Jumanne tano. Ya sita wakafika kwa mshika bendera.

Mzee akaomba viatu. Waigizaji wakavigombania. Kimoja kikaonekana, kingine kimeliwa na mbuzi. Mzee akalalamika kwamba atafika ahera akichechemea, wakamwekea na filimbi ya kuchekesha chinichini. Chumba cha kushonea kilivunjika mbavu. Mshonaji wa mlangoni alicheka mpaka akajifuta machozi kwa foronya ya hospitali.

Stesheni alisimama, akavua kikofia cha chuma cha kukingia kidole sindano, akakiweka juu ya shuka alilokuwa akilitia kiraka. "Naenda," alisema.

"Unaenda wapi, saa hizi za kazi?" aliuliza msimamizi.

"Nikikujibu nitakutukana, na wewe hujanikosea."

Alipitia kwake, akatia madaftari kwenye mfuko, akaenda kwa mdogo wake. Mlango ulifunguliwa na shemeji, aliyekuwa na mapumziko siku hiyo, mtoto begani. Mdogo wake alikuwa amekaa karibu na redio, uso bado una kicheko.

"Karibu, shemeji! Umesikia leo? Wamenipigia simu kutoka ofisini, amecheka mpaka mhasibu!"

"Mpe mama yake mtoto," alisema Stesheni. "Nataka uwe na mikono mitupu."

Akampa. Stesheni akafungua daftari la kumi na moja, akaliweka mezani. Shemeji hakuhitaji kusoma, macho yalimsaliti.

"Nilipiga picha kurasa chache tu," alisema. "Shemeji, tusidanganyane. Hata wewe uliwachukua watu wa redio. Mwizi akiibiwa anampigia nani yowe?"

"Mimi niliazima mchana kweupe, nikaandika kwamba nimeazima. Miaka tisa sijajiita mmiliki. Wewe umeingia kwangu kwa mlango wa undugu, ukala, ukanawa, ukabeba na sufuria. Lakini hayo ningeyameza. Nimeyameza wiki tano! Viatu, je?"

"Viatu gani tena? Ni kichekesho. Ulipoandika wewe palikuwa pazito mno, watu wangezima redio."

"Ni baba," alisema Stesheni.

Mdogo wake aliinua kichwa. "Baba nani?"

"Baba yetu. Aliomba viatu vyake. Nilivipiga rangi mimi. Nilimfunga kamba mimi. Umecheka kifo cha baba, mdogo wangu, na si kosa lako, kwa sababu sikukwambia. Ila huyu alisoma. Pembeni ya ukurasa nimeandika tarehe, na 'baba', kwa wino mwekundu. Tazama."

Mdogo wake alitazama. Aliivuta redio akaichomoa ukutani, ingawa wakati huo ilikuwa ikitoa taarifa ya hali ya hewa tu.

Kesho yake Stesheni aliomba ruhusa, akaenda ofisi za redio. Mtayarishaji mkuu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, alimpa kiti na kupekua madaftari kwa haki, ukurasa kwa ukurasa, hakuharakisha. Mwishowe akavua miwani.

"Mama, nakuamini. Lakini wahusika ni mali ya redio. Chochote kinachotungwa juu yao ni chetu. Wengine wangeona fahari."

Hapo ndipo hasira ya wiki sita ilipopata mdomo. Stesheni hakupiga kelele; sauti yake ilishuka, na makatibu nje wakaacha kuchapa wapate kusikia.

"Wahusika wenu mliwatupa. Mliwaacha gizani na taa mkononi, mkaleta meno. Nani aliwalisha miaka tisa? Mia tatu wale, nani aliwaweka pamoja? Haya, chukueni stesheni, chukueni saa, chukueni na mbuzi. Kiatu cha baba yangu hakikuwahi kuwa mali ya redio. Mtakitoa."

Mtayarishaji alivaa miwani tena. Akaandika kitu kwenye karatasi. "Jumamosi ni marudio," alisema. "Kipande hicho hakitasikika. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi. Na shemeji yako simfukuzi. Naye ana familia."

"Sikuja kumfukuzisha. Familia unayoisema ni yangu."

Jina la Stesheni halikutajwa redioni, si Jumamosi hiyo wala baadaye. Kwenye kundi alieleza yote bila kupamba. Arobaini na mmoja walijitoa, wengine wakimwita mwenye kijicho. Aliwasoma mmoja mmoja, meno yameumana, kisha akarudi kwenye foronya zake na kuzipinda kwa nguvu mpaka sindano mbili zikakatika.

Jumamosi mdogo wake alikuja na mtoto mgongoni. Walisikiliza marudio wawili tu. Mshika bendera alikohoa, muziki ukaingia, mara wakawa kwenye tukio jingine. Hapakuwa na viatu.

"Nisomee ya kwako," alisema mdogo wake.

"Sitaweza."

"Basi nipe."

Akasoma mwenyewe, kwa sauti, akikwama na kuendelea. Alipofika mwisho aliuliza, "Alivivaa kweli?"

"Alivivaa. Cha kushoto kilimbana, akasema kiache hivyo hivyo."

Walilia. Halafu mdogo wake akakasirika upya, akahesabu kwa vidole maneno atakayompa mumewe, na Stesheni akamwongezea mawili aliyoyasahau.

Baada ya wiki tatu shemeji alikuja mwenyewe, shati limepigwa pasi, kichwa chini. Tangu siku ile alikuwa analala sebuleni. Alisema amekosa. Alisema sura zilizobaki anaandika kwa akili yake na zinamshinda, wasikilizaji wanalalamika. Je, shemeji asingemsaidia japo moja?

Stesheni alimpa kiti. Akamletea maji kwenye bilauri safi, akayaweka mbele yake.

"Kunywa," alisema. "Mgeni hanyimwi maji. Msamaha bado haujaiva, na ukija kuutikisa mti utaangukiwa na mabichi. Na sura, hata ukilala sebuleni mpaka mtoto aoe, sikupi."

Shemeji akanywa maji yote, akashukuru, akaondoka. Stesheni aliiosha bilauri, bado amekunja uso, akachukua bisibisi na kurudi kwenye saa ya jirani aliyokuwa ameiacha wazi mezani.