Kifuniko cha Tundu la Zizi

Kwetu At-Bashi, huku kwenye milima ya theluji, mke hatamki jina la mumewe, wala mke wa mtoto hatamki la baba mkwe, hata kama jina ni la kitu cha nyumbani. Marehemu mume wangu alipewa jina la ile sufu ya kondoo inayopigwa kwa maji ya moto mpaka ishikane iwe zulia zito. Basi nyumbani kwangu zulia hilo huitwa kifuniko. Sufuria nayo ina kifuniko. Tumeishi hivyo miaka thelathini na minane na hatukufa.

Mwaka mmoja baridi ilikuwa kali kama mama wa kambo. Kondoo kumi na wanne walikuwa na mimba pevu, mwanangu yuko Urusi akijenga nyumba za watu. Marehemu alinifundisha: samadi kavu usiitoe sakafuni, ndilo godoro lao, ziba nyufa za mlango, lakini tundu la paa liache, maana kondoo mwenye manyoya hauawi na baridi, anauawa na pumzi yake mwenyewe. Nilijua. Ila mwoga hujifanya fundi. Alfajiri nilipanda paani, nikashindilia kifuniko tunduni, nikakifukia kwa theluji, nikalaza na ubao juu yake. Nikaingiza zizini ndoo ya makaa, nikarudi kunywa chai, nimejipongeza.

Asubuhi Burul, mke wa mwanangu, akaenda kuwalisha. Jirani yetu Sagyn, rika la marehemu, alikuwa paani akitupunguzia theluji.

"Mama, kifuniko! Kitoeni!" Burul akapiga kelele kutoka zizini.

Nikadhani anataka kufunika makaa. Nikachukua kifuniko cha sufuria, nikatoka nikinung'unika, "Msichana hana subira huyu."

Mlangoni nikachungulia ndani. Kondoo wamelala ovyo, shingo zimelegea. Burul amepiga magoti, anamvuta mmoja, midomo imempauka.

"Si hicho, Mama. Cha juu."

"Cha juu nimeshatoa," Sagyn akasema kutoka paani. "Ubao huu hapa mkononi."

"Chini yake, Baba. Kifuniko."

"Chini yake theluji tupu, mwanangu. Kifuniko gani? Kitajeni basi."

Burul akanitazama. Alikuwa analia, na hata hivyo hakutaja. Adabu hiyo nilimfundisha mimi, kwa ukali, na nikajichukia.

"Kiyiz," nikasema. Halafu nikapaza sauti mpaka koo likauma. "Sagyn, ng'oa kiyiz."

Uma wa nyasi wa Sagyn ukapenya, mwanga ukashuka, mvuke ukapanda. Nikaipiga ndoo teke mpaka nje, nikamburuta Burul hadi penye hewa, kisha nikarudia kondoo. Kumi na watatu waliinuka mmoja mmoja, wakiyumba. Mmoja hakuinuka.

Sagyn aliteremka akijifuta theluji.

"Shemeji, umemwita."

"Nimeita zulia."

"Haya, zulia. Mimi nimemsikia rafiki yangu." Akaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo si kawaida yake.

Nilimlaza Burul karibu na jiko, nikamwomba radhi. Kisha nikarudi zizini peke yangu. Kondoo walikuwa wanacheua juu ya godoro lao la samadi, hewa safi inashuka tunduni, kama alivyotaka yeye.

"Kiyizbay," nikasema, jina zima, mara ya kwanza maishani mwangu. Nikangoja aitike.