Mwanya wa Juu ya Mlango

Kiraka alikuwa anaziba mianya ya nyumba za watu, na mama yake alikuwa analala na upepo.

Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Serikali ilileta mpango: nyumba zizuie baridi, watu wapunguze kuchoma mkaa, miti ipone, hali ya hewa itulie. Jambo zuri, nani atabisha? Kiraka akapata kazi kikosi cha kwanza, kile cha kuziba. Wanapanda, wanabandika mabamba meupe chini ya bati, wanapuliza povu la kopo kila penye tundu, wanashuka, wanahamia nyumba nyingine. Wanaokuja nyuma yao hawawajui hata sura. Wanasikia tu kuna kikosi cha pili.

Mama yake alipanga chumba kimoja. Juu ya mlango ukuta na bati havikukutana, pakabaki mwanya wa kupitisha mkono. Baridi ikianza, mwanya unapiga mluzi.

"Huyu mpangaji mwenzangu," mama alikuwa akisema. "Ila yeye halipi kodi."

Akicheka, kifua kinambana, anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Kiraka alikuwa anaogopa kile kikohozi kuliko kitu chochote duniani.

Wakaenda ofisini pamoja. Karani hakuwa mtu mbaya, hata kiti alimpa mama.

"Hati ya nyumba unayo, mama?"

"Nimepanga, mwanangu."

"Basi mwenye nyumba ndiye aje aombe."

"Anayelala humo si ni mimi?"

"Najua, mama. Ndivyo walivyoamua huko juu."

"Huko juu hakuna baridi?"



Mwenye nyumba, nyumba yake ya kuishi ilishazibwa kitambo, tena na Kiraka huyuhuyu. Kiraka akamfuata mlangoni kwake.

"Mzee, ni kusaini tu. Hutoi hata senti."

"Mafundi wakiingia kule, kesho watu watataka na choo kipya. Mama yako akiona baridi, ajifunike."

"Mbona wewe ulizibiwa?"

"Mimi nina nyumba, kijana. We una mdomo."

Kiraka akaondoka. Tangu siku hiyo akawa anaokota mabaki kazini: vipande vya mabamba, makopo ya povu yaliyobaki kidogo. Msimamizi alimwona, akajifanya anatazama pembeni.

Jumapili akapanda kwa mama. Vipande vilikuwa vya kila umbo, dari ikatoka kama imeshonwa na mlevi. Mama chini ameshika ngazi, mdomo haukai.

"We mtoto, hiyo dari au kaptula yako ya darasa la pili? Ile ya viraka matakoni?"

"Mama, shika ngazi, utaniangusha kwa kunichekesha."

Mwisho akafika kwenye mwanya wa juu ya mlango. Akapuliza povu. Likavimba, likajaa, mluzi ukakatika. Wote wawili wakatega sikio.

"Kahama," mama akasema polepole. "Hata kuaga hakuaga."

Kiraka aliposhuka, mama akamshika uso kwa mikono miwili. "Leo nalala bila soksi, mwanangu."

Baridi ya usiku ule ilikuwa kali. Mama akaingiza jiko la mkaa ndani kama alivyofanya miaka yote, maana hakuwa na lingine. Miaka yote hiyo, ile hewa mbaya ya mkaa ilikuwa inatokea pale juu ya mlango. Safari hii haikuwa na pa kutokea.

Asubuhi Kiraka akampelekea mkate. Akagonga. Akaita. Akasukuma mlango kwa bega. Joto likampokea, joto zuri kabisa, lilelile alilolitaka. Mama alikuwa amelala ubavu, miguu nje ya blanketi, bila soksi.

Msibani msimamizi akaja kukaa karibu naye. Akakohoa kidogo kabla ya kusema.

"Kiraka, kikosi cha pili ndicho kinatoboa ukuta. Kinaweka bomba la hewa na jiko la umeme. Hukujua?"

"Nani aliwahi kutuambia?"

Msimamizi akajikuna shingo. "Hakuna."

"Na wangefika kwa mama? Kwa hati ya nani?"

 

Baada ya mazishi, Kiraka alikuwa anakunja nguo za mama pale chumbani. Mwenye nyumba akaingia, akatoa pole, akasimama kidogo. Halafu akainua macho.

"Hii dari, mnaiacha?"

Kiraka akaweka chini gauni alilokuwa amelishika. Akachukua kisu, akapanda juu ya kiti, akaanza kuchimba povu la juu ya mlango. Linamwangukia usoni, linaingia machoni, hasimami.

"We! Unaharibu nyumba ya watu!"

"Dari nakuachia. Hapa pabaki wazi, atakayepanga asije akafa."

Kipande cha mwisho kikadondoka. Upepo ukaingia na mluzi wake uleule, ukapita juu ya kitanda kitupu, na Kiraka akabaki pale juu ya kiti, ametega sikio, kana kwamba kuna mtu atautania.